Moshi wa Kwanza

Asubuhi ile siagi ilikuwa ngumu kupita kiasi. Odile alipojaribu kuipaka, mkate ukachanika, akaamua kuitafuna hivyo hivyo kama jibini. Alikuwa amevaa sweta mbili, koti la mumewe la kuwindia na kofia ya sufu iliyofunika masikio. Mtu akivaa hivyo msituni humshangai, lakini Odile alikuwa jikoni kwake, mezani, na kahawa yake imeshapoa kabla hajafika nusu ya kikombe.

"Baba Mireille," alimwambia mumewe, na mvuke ukamtoka mdomoni. "Umeuona huu? Huu ni mvuke. Wa mdomo wangu. Ndani ya nyumba yangu."

Rosaire alikuwa ameinamisha chupa ya molasi juu ya ploi zake, zile chapati laini za ngano nyeusi ambazo kwao hazikosekani mezani. Molasi yenyewe ilikuwa imegoma kutoka. Aliishikilia chupa kwa subira.

"Mvuke ni dalili ya uhai," alisema. "Wafu hawatoi mvuke."

"Washa jiko."

"Bado Watakatifu Wote."

"Watakatifu Wote wako mbinguni wanaota joto. Washa jiko, Rosaire."

"Penye joto ni kule kwingine," alisema Rosaire, na hapo tone la kwanza la molasi likadondoka.

Odile akimwita mumewe kwa jina tupu ujue hasira imefika kooni. Aliinuka, akaenda dirishani, akaitazama nyumba ya pili ng'ambo ya barabara. Juu ya paa lake dohani ilisimama kavu, bila hata uzi wa moshi. Nyumba hiyo ni ya Laurette, dada yake Rosaire, na mumewe Armand. Hao ndio waliokuwa wakiwagandisha.

Kule kaskazini kabisa mwa jimbo la Maine, Marekani, ambako ukitema mate mtoni yanaangukia Kanada, kila mwanamume hujiona shujaa kwa kuchelewa kuwasha moto. Lakini Rosaire na shemeji yake Armand walikuwa wameugeuza ushujaa huo kuwa dini. Sheria yao ilikuwa moja: hakuna kuwasha jiko kabla ya Sikukuu ya Watakatifu Wote. Dohani itakayotoa moshi kwanza, mwenyewe atakwenda kuosha masufuria kwenye karamu ya maharage ya parokia, mbele ya kijiji kizima, akiwa amevaa aproni ya maua. Mwaka uliopita aliyeosha alikuwa Rosaire. Picha yake ilikuwa bado imebandikwa dukani kwa Onésime, kwenye mlango wa jokofu la maziwa, na Odile kila akienda kununua maziwa ilimbidi afungue mlango wenye mumewe aliyevaa maua.

Yote hayo Odile angeyavumilia. Alishaolewa miaka mingi, alishavumilia makubwa zaidi. Tatizo lilikuwa Jumamosi. Jumamosi alikuwa anakuja Mireille, binti yao wa pekee, kutoka Arizona, na mtoto mchanga ambaye Odile hajawahi kumwona ila kwenye simu. Mjukuu wake wa kwanza. Jina lake Bastien, ana mashavu kama maandazi, na Odile alikuwa akilala na kuamka na mashavu hayo.

"Mama, nakwambia mapema," Mireille alikuwa amesema kwenye simu. "Mimi mchezo wenu wa moshi nimekua nao, naujua. Lakini huyu ni mtoto wa jangwani. Nikifika nikakuta nyumba ina baridi, hata koti sivui. Navuka barabara, nalala kwa shangazi."

Kwa shangazi! Odile alikuwa amekata simu akakaa chini. Mjukuu wake wa kwanza alale kwa wifi yake! Laurette hakujaliwa mtoto, na Mireille alipokuwa mdogo alikuwa akimchukua kila Jumapili na kumrudisha amesukwa nywele upya, kana kwamba zile alizosuka mama yake hazikuwa nywele. Sasa alikuwa ameshashusha kitanda cha mtoto kutoka darini, akakipaka rangi nyeupe, akakiweka dirishani pale ambapo mtu wa ng'ambo ya barabara hawezi kukikosa.

"Shindano au si shindano, Jumamosi Armand atawasha," Laurette alikuwa amemwambia baada ya misa, kwa sauti ya upole inayochoma. "Nimeshamwambia. Wewe wifi usijisumbue. Najua kwako mambo ni magumu."

*

Alhamisi Odile alishika kazi ya kuifunga nyumba. Alikata matawi ya msonobari akayapanga kuzunguka msingi ili upepo usipite chini ya sakafu. Alitoa dirisha za nje za kipupwe, akazisugua, akazipachika. Kisha akaanza nailoni. Nailoni hubandikwa ndani ya fremu kwa gundi, halafu unaipulizia draya ya nywele mpaka ivutike na kunyooka kama ngozi ya ngoma. Ni kazi ya watu wawili. Rosaire aliifanya ya mtu mmoja na mshauri.

"Kuna kunyanzi pale kushoto," alisema akiwa kochini, blanketi mpaka kidevuni.

"Njoo ulinyooshe."

"Mgongo, mama Mireille."

"Mgongo wako huo. Ukiitwa kula unapona."

Odile alisogeza draya kwenye kunyanzi, kisha akaisahau hapo kidogo, akajipulizia mikono, shingo, na ndani ya sweta. Lilikuwa joto la kwanza aliloonja wiki nzima, akafumba macho. Hita ya umeme walikuwa nayo, lakini ukiiwasha nyumba nzima inazimika, maana nyaya ni za enzi ya baba mkwe. Hata draya ilitaka uzime jokofu kwanza, na siku zile jokofu lenyewe halikuwa na kazi.

Dirisha za juu zilihitaji ngazi, na ngazi ilikuwa kwa Armand tangu mwanzoni mwa Septemba, walipokuwa bado wanavuna viazi. Odile alivuka barabara kwenda kuidai. Armand alikuwa amesimama uani, mtu mnene mwenye uso mwekundu. Alikuwa amevaa fulana peke yake. Mikono ilikuwa imemtoka vipele vya baridi.

"Shemeji Odile! Joto gani hili leo," alisema, meno yakigongana. "Nimeona nivue koti, jasho linanimaliza. Mumeo yu hai?"

"Yu hai, anatoa mvuke. Nimefuata ngazi yetu."

Armand akatazama paa lake, akatazama viatu vyake. "Bado kidogo naitumia."

"Si ulishasafisha dohani mwezi wa tisa? Laurette alitangaza mpaka kanisani. Ati ulishuka umejaa masizi, akakufua siku mbili."

"Nilisafisha, ndiyo. Sasa naikagua. Dohani si kitu cha kuharakisha, shemeji. Masizi yakishika moto humo ndani, nyumba inakwenda yote na picha za harusi."

"Unaikagua ukiwa chini?"

"Naanzia chini," alisema Armand.

Odile aliiona ngazi yake. Ilikuwa imelala kando ya ukuta, na majani yaliyopukutika yalikuwa yameifunika nusu. Nyasi zilikuwa zimepenya katikati ya vipandio, zimekua, zimekauka. Aliona, lakini akili yake ilikuwa kwenye nailoni, akarudi nyumbani akaziba dirisha za juu kwa kusimama juu ya kabati huku akimlaani mtu ambaye hakumtaja.

*

Ijumaa Rosaire alikwenda dukani kwa Onésime, na Odile akajiambia basi. Liwalo na liwe. Leo nawasha mwenyewe, nyumba ianze kunyonya joto, na mwanamume akirudi atanikuta kwenye kiti nimenyoosha miguu. Aproni nitamshonea mpya.

Aliingia kwenye banda la kuni. Kuni zilikuwa zimepangwa mpaka darini, safu ya mbele imezeeka vizuri, rangi ya kijivu, ncha zimepasuka nyufa kama inavyotakiwa. Odile alishika ukuni mmoja akauvuta, akakaribia kuanguka kwa nyuma. Ukuni wote ulikuwa na urefu wa kiganja.

Akavuta wa pili. Kiganja. Wa tatu, kiganja. Safu nzima ilikuwa vipande vya ncha, vimebanwa pamoja kama meno ya bandia. Nyuma yake kulikuwa na kuni za kweli, ndefu, nyeupe, zenye maganda yaliyong'ang'ania. Odile alichukua mbili akazigonganisha. Kuni kavu hulia, kila mtoto wa huko anajua sauti yake. Hizi zilisema *bupu*, akanusa, zikanuka kama msitu baada ya mvua.

Rosaire alimkuta amekaa juu ya gogo la kupasulia, mbichi mbili mapajani.

"Eleza," alisema Odile.

Rosaire akavua kofia. Akaivaa. "Zimekauka kiasi."

"Rosaire. Hii nikiichomeka ardhini itachipua."

Basi akaeleza. Kuni hukatwa kipupwe, hupasuliwa kabla ya masika kwisha, hukaushwa kiangazi chote. Hilo hata mbwa wa huko wanalijua. Lakini Machi, akiwa msituni na msumeno, mgongo ulimkamata akaanguka magoti kwenye theluji, akarudi nyumbani akitambaa nusu ya njia. Alilala kochini wiki tatu. Alipopata nafuu akawa anakatakata kidogo kidogo Agosti, kwa siri, Odile akiwa kwenye kwaya, na mbele yake akapanga vipande vya kuni za zamani ili asigundulike.

"Wiki tatu hizo mimi nilijua unatazama mpira wa magongo!"

"Nilikuwa natazama. Nilikuwa natazama huku naumwa."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisema! Nilisema mgongo, ukasema wangu huo, nikiitwa kula unapona." Rosaire alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Na kweli nilikuja kula. Ulikuwa umepika kuku."

Odile alitaka kucheka na kumpiga kwa ukuni kwa wakati mmoja. Aliona aibu pia, maana ni kweli mume wake amelia mgongo miaka yote ya ndoa, kila penye theluji ya kuzoa, na siku ulipomuuma kweli hakuna aliyemwamini.

"Kwa hiyo shindano hili lote..."

"Shindano ni baraka, mama Mireille. Mtu hakuulizi kwa nini huwashi. Wanakupongeza."

"Na mtoto? Mtoto anakuja kesho!"

"Nilidhani kesho itakuwa na jua," alisema Rosaire kwa unyonge.

"Tununue basi. Kuni kavu za kununua."

"Kwa nani, Oktoba hii? Aliye nazo amezikalia. Mwenye nyingi ni Armand, za miaka miwili, zimejaa mpaka ukumbini. Bora nife."

"Utakufa," alisema Odile. "Subiri zamu."

*

Jumamosi asubuhi jalidi, umande ulioganda, ilikuwa imechora maua kwenye vioo, na Mireille alipiga simu kutoka uwanja wa ndege kusema amekodi gari na anakuja. Odile hakuwa na njia nyingine. Walitia ndani ya jiko vile vipande vya kiganja, vikashika moto vizuri, dakika chache chuma kikaanza kutetemesha joto, na wote wawili wakanyoosha mikono kama watu walio kanisani. Kisha wakaongeza zile ndefu.

Kwanza zilifoka. Zikatoa povu kwenye ncha. Halafu ukaja moshi, mweupe, mzito, nusu ukapanda dohani na nusu ukaamua kubaki na wenyeji. Odile alikimbilia dirishani akakumbuka nailoni. Aliifungua milango yote miwili, na joto lote lililokuwa limepatikana likatoka nje bila kuaga.

Armand hakuchukua dakika mbili. Alivuka barabara akicheza, makoti matatu mwilini, sufuria mkono mmoja na aproni ya maua mkono wa pili, anapiga sufuria kwa mwiko.

"Moshi wa kwanza! Shemeji, tumekuona! Mpaka Kanada wameuona! Wanauliza Papa gani mpya amechaguliwa!"

"Ingia ucheke ndani," alisema Rosaire akikohoa. "Nje baridi."

"Na ndani?" Armand alichungulia, macho yakamtoka machozi. "Mama yangu! Rosaire, unachoma nini, kabichi?"

Nyuma yake alikuja Laurette, shali limefungwa mpaka puani. Aliangalia jiko linalofoka, akamwangalia kaka yake, akamwangalia Odile, na Odile akasubiri maneno. Wifi aliyepata nafasi kama ile angeitumia miaka kumi. Lakini Laurette alimgeukia mumewe.

"Haya, umeshinda. Sasa rudi ukawashe."

Kelele za sufuria zikakoma. "Eeh?"

"Ukawashe, Armand. Mtoto yuko njiani, huku kwa hawa hakukaliki. Shindano limekwisha, wewe mshindi. Washa."

"Tusiwe na pupa, mke wangu. Mtu akishinda hapaswi kujionyesha."

"Armand, vidole vyangu vya miguu sivisikii tangu Jumanne."

"Watakatifu Wote si Jumanne hii inayokuja? Tumalize vizuri. Ushindi kamili."

Odile alikuwa amesimama mlangoni, machozi ya moshi yakimtiririka. Kutoka pale aliona ua wa Armand wote, na ukuta, na ngazi yake imelala chini ya majani. Safari hii akili ilikuwepo. Mtu ameshinda, anaruhusiwa kuwasha, mkewe anaganda, naye hataki kuwasha. Na ngazi imeota nyasi.

"Wifi," alisema polepole. "Twende nikuonyeshe kitu."

Armand aliona wanakoelekea akaanza kuwafuata mbio. "Shemeji, subiri, ile ngazi ina nyigu!"

Odile aliinamia upande mmoja, Laurette upande wa pili, wakainua. Ngazi haikutaka kuachana na nyasi. Ilipong'oka ilisikika ikichanika kama shuka kuukuu, na chini yake ardhi ilikuwa nyeupe, imechorwa mistari mistari ya vipandio, na wadudu waliokuwa wamehamia humo tangu Septemba.

Laurette alipitisha ncha ya kiatu kwenye mstari mmoja.

"Wiki ya kwanza ya Septemba," alisema. "Ulikuja na masizi mpaka kwenye kope. Nilikusugua mgongo kwa sabuni ya sufuria."

"Yalikuwa masizi ya kweli," alisema Armand. "Ya mwaka jana. Kwenye ndoo."

"Ulijipaka?"

"Nilipanda, Laurette. Naapa nilipanda. Kipandio cha tatu dunia ikazunguka. Ni zile dawa za presha. Nikashuka nikasema kesho. Kesho yake ikazunguka nikiwa cha pili." Alikuwa bado ameshika aproni, akaikunja vizuri, akaikunjua. "Babu yangu alikuwa anakwenda juu ya paa la kanisa, Laurette. Baba yangu pia. Nikuambie nini?"

Rosaire, aliyekuwa amefika akijisugua mgongo, hakucheka. Odile alitegemea acheke. Alimwona mumewe akimtazama shemeji yake kama mtu aliyekutana na ndugu stesheni.

"Cha tatu umejitahidi," alisema Rosaire. "Mimi siku hizi kuvaa soksi ni kazi ya kutwa."

Basi wakawa wamesimama hapo wanne, kwenye baridi, kati ya nyumba mbili. Moja ilikuwa na dohani safi, maana Odile aliisafisha kabla ngazi haijaazimwa, na kuni mbichi, nyingine kuni kavu na dohani iliyojaa masizi. Na mtoto alikuwa njiani.

"Nipe kuni," Odile alimwambia Laurette. "Kesho napanda mimi mwenyewe nikusafishie dohani. Ngazi yetu, brashi yetu. Mimi dunia hainizunguki."

Laurette aliinua kidevu. Odile alimjua vizuri. Alijua bei inakuja.

"Kuni chukua. Lakini gari likisimama, mimi ndiye nitakayempokea mtoto. Wa kwanza kumshika, kabla yako."

"Laurette!"

"Wewe utakuwa naye wiki mbili. Usiku na mchana, kwa moto wa kuni zangu. Kitanda changu nimekipaka rangi mara tatu, wifi, na atalala kwako. Mimi nataka kumshika kwanza. Basi."

 Miezi miwili Odile alikuwa amejizoeza kwa mto: mkono hivi, kichwa hivi. Aliwaza nyumba ya joto na mikono mitupu, au mikono yake na nyumba ya moshi. Simu ikalia mfukoni mwake. Ilikuwa sauti changamfu ya Mireille, kutoka kituo cha petroli cha njia panda.

"Mama! Nusu saa! Kuna joto?"

"Lipo, mwanangu," alisema Odile akimtazama wifi yake machoni. "Limejaa tele."

*

Hawakupata kuwa kitu kimoja vile tangu harusi ya Mireille. Laurette alipakia kuni kwenye toroli, Odile akalisukuma kuvuka barabara, Rosaire akatoa mbichi zinazofuka kwa koleo na kuzitupa uani, Armand akapunga moshi nje kwa aproni ya maua. Kuni za Armand zilishika moto mara moja, bila makelele. Alisimama mbele ya jiko akizieleza kama mtu anayetambulisha wanawe: hii nilikata pale kwenye mteremko, hii ilianguka kwenye tufani. Kitanda cheupe nacho kilivushwa, kikawekwa mahali pazuri, si karibu sana na jiko. Laurette alikisogeza mara nne.

Gari liliposimama, Odile alisimama nyuma kama walivyopatana. Aliificha mikono yake kwenye kwapa ili isijisahau. Mireille aliingia na bonge la mablanketi, uso mwekundu kwa upepo, akabusu kila aliyekuwa karibu, akasema, "Haya, nani anaanza?"

Laurette alipiga hatua mbele na kunyoosha mikono. Blanketi likafunuliwa kidogo, yakaonekana yale mashavu, hai, yenye pumzi. Laurette alisogeza kidole kumgusa. Kabla hakijafika, akakirudisha.

Akaitazama mikono yake. Ilikuwa ya buluu kwenye ncha. Wiki zote hizo kwenye ile nyumba, na asubuhi nzima kwenye kuni bila glavu.

"Siwezi," alisema. Sauti ile ya upole inayochoma haikuwepo. "Ni ya baridi mno, nitamshtua. Mchukue wewe, wifi. Mchukue tu."

 Mireille alimgeukia mama yake, mtoto akiwa tayari kwenye mikono iliyonyooshwa, karibu kabisa, hatua moja. Odile alisikia harufu ya maziwa.

Akampita mtoto. Alimshika Laurette vifundo vya mikono, akamvuta mpaka mbele ya jiko, akaichukua mikono ile miwili akaiweka kati ya yake, akaanza kuisugua.

"Kaa hapa. Usijitingishe."

"Odile, mtoto anangoja."

"Ana miezi miwili, haendi popote. Vidole hivi jamani, kama samaki wa dukani. Na huyo mumeo alikuwa anazunguka na fulana!"

"Na wako aliyejenga ukuta wa vipande?"

Walianza kucheka, mmoja kwanza, kisha mwingine, mpaka machozi yakatoka, na safari hii hapakuwa na moshi wa kuusingizia. Odile alisugua kila kidole peke yake, akavipulizia, akavijaribu kwenye shavu lake mwenyewe. Vilipokuwa havimshtui tena, alisimama kando.

"Sasa," alisema.

Laurette alimpokea Bastien na kukaa naye kitini. Mtoto alimtazama, akapiga miayo, akamshika kidole. Rosaire alisema kitu kuhusu mafua, akatoka nje kwenda kukagua kuni ambazo hazikuhitaji kukaguliwa, na Armand akamfuata kumsaidia.

Mireille alikuwa ameshavua koti. Akavua na sweta. Paji lake la uso liling'aa jasho.

"Lakini jamani, mbona mmewasha hivi? Mtoto ataiva. Mnaishi kwenye tanuri?" Na kabla mtu hajamwelewa alikuwa ameshafika dirishani, kucha kwenye kona ya nailoni, pale pale penye kunyanzi. "Ngoja niachie hewa kidogo."

"Usiguse!" walipiga kelele mama na shangazi kwa pamoja, na Bastien, mtoto wa jangwani, akashtuka akalia kwa sauti ambayo lazima waliisikia Kanada.

Laurette akainuka haraka, akampa Odile.

"Mchukue, wifi," alisema. "Huyu sasa anamtaka bibi yake."